Hatua Moja ya pH ni Mara Kumi

Kamulia ndimu juu ya kipande cha magadi. Povu linapanda papo hapo, na likishatulia utakuta maji ambayo si makali kama ndimu wala hayatelezi vidoleni kama magadi. Povu lenyewe ni gesi ya kabonidayoksaidi. Asidi na besi zimekutana, zikamalizana, na kilichobaki ni maji na chumvi.

Kinachopita kati ya vitu hivyo viwili ni kidogo mno: ioni ya hidrojeni, yaani atomu ya hidrojeni iliyopokonywa elektroni yake pekee. Asidi huitoa, besi huipokea. Maelezo hayo mafupi yana historia ndefu. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika katika tasnifu yake kwamba chumvi, asidi na vitu vya jamii hiyo vikiyeyuka majini hugawanyika na kuwa ioni. Waliomtahini walimpa alama ya chini, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa Arrhenius, asidi ni kitu kinachotoa ioni za hidrojeni majini, na besi ni kitu kinachotoa haidroksaidi.

Magadi yanamtatiza. Katika kabonati ya sodiamu hamna haidroksaidi hata moja, na bado ni besi. Jibu lilikuja mwaka 1923 kutoka kwa watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza: besi ni kile kinachopokea ioni ya hidrojeni, basi. Kabonati ikiingia majini hunyakua hidrojeni kutoka kwenye molekuli za maji yenyewe, na haidroksaidi zinazobaki ndizo zinazofanya maji yateleze. Hoja hii wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa, kwa sababu hufundishwa kwa mifano ya maabara ilhali mfano bora upo jikoni.

Sasa tupime. Lita moja ya maji safi, kwenye nyuzi joto 25, ina moli 0.0000001 ya ioni za hidrojeni. Juisi ya ndimu ina takriban 0.01. Kuandika namba za namna hiyo siku nzima kunachosha na kunakaribisha makosa. Mwaka 1909 Søren Sørensen, mkemia aliyekuwa akichunguza vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alipendekeza njia fupi: hesabu tarakimu hiyo 1 iko nafasi ya ngapi baada ya nukta. Kwa maji safi ni ya 7. Kwa ndimu ni ya 2. Hiyo ndiyo pH. Kwa sababu tunahesabu nafasi za desimali, pH hushuka kadiri asidi inavyozidi, na kila hatua moja ni mara kumi. Ndimu haiizidi maji safi kwa tano. Inayazidi mara 100,000.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoachwa nyuma. Chukua kikombe kimoja cha asidi ya haidrokloriki yenye pH 2. Ukitaka kuizimua ifike 3, ongeza vikombe 9 vya maji. Kutoka hapo kufika 4 unahitaji vingine 90. Kufika 5, vingine 900. Kila hatua ina gharama mara kumi ya ile iliyotangulia, na hata ungekuwa na ziwa zima la maji safi hungeivusha 7 kwa kuzimua tu. Ndiyo maana fundi aliyemwaga asidi ya betri sakafuni akafuta kwa tambara lenye maji kidogo bado hajaondoa hatari.

Jambo jingine linalochanganya ni ukali na wingi. Siki ya kawaida ina asidi nyingi ndani yake, lakini asidi hiyo ni dhaifu: kati ya kila molekuli 200 hivi, ni moja tu iliyoachia ioni yake. Ndiyo maana pH yake ni 2.4 hivi na tunaitia kwenye kachumbari. Asidi ya haidrokloriki ya wingi ule ule huachia ioni zote, na pH yake hukaribia 0. Ikiwa nyingi zaidi, inashuka chini ya 0. Hakuna sheria inayosema kipimo kianzie 0 na kuishia 14.

Ukitaka kuona kwa macho, chemsha maua makavu ya rozela, chuja, acha yapoe. Gawa katika glasi mbili. Ya ndimu itakuwa nyekundu zaidi. Katika ya pili tia magadi kidogo kidogo. Mwanzoni utaona povu bila mabadiliko makubwa ya rangi, kwa kuwa rozela yenyewe ina asidi na magadi ya kwanza yanaishia kupambana nayo. Endelea. Ghafla wekundu unageuka zambarau, kisha buluu iliyochanganyika na kijani. Ghafla hiyo ni ya kweli kabisa: asidi ikishaisha, chembe chache tu za magadi huirusha pH hatua kadhaa kwa mkupuo.

Mpishi naye anaijua kemia hii kwa mkono. Maharage yakitiwa magadi huiva upesi kwa sababu besi huvunja pektini, gundi inayoshikanisha seli za mmea. Nyanya au ndimu zikitangulia, maharage hukataa kuiva, kwani asidi huitunza gundi hiyo. Kisamvu chenye magadi hubaki kijani, kwa kuwa asidi ya majani yenyewe, ambayo ingeiharibu klorofili, imekwisha kumezwa. Ila vitamini B1 haivumilii besi, na kwa maoni yangu maharage ni chakula cha thamani mno kuyapotezea vitamini hiyo kwa ajili ya kuokoa kuni kidogo. Yaloweke usiku kucha, utapata karibu faida ile ile.

Maji ya Ziwa Natron nchini Tanzania na Ziwa Magadi nchini Kenya hufika pH 10 na kupita. Ioni za hidrojeni humo ni chini ya moja kwa elfu ya zile za maji safi. Heroe wadogo huzaliana Natron kwa makundi makubwa, wakilindwa na maji ambayo wanyama wawindaji hawayawezi. Kwangu mimi, wa ajabu zaidi ni samaki wa Magadi, Alcolapia grahami, aina ya perege anayeishi kwenye chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa. Samaki karibu wote hutupa uchafu wa protini kwa njia ya matamvua ukiwa amonia. Amonia ikitoka nje hupokea ioni ya hidrojeni na haiwezi kurudi tena. Katika maji ya pH 10 ioni za kupokea ni haba, amonia inabaki ilivyo, na samaki wa kawaida angekufa kwa sumu yake mwenyewe. Huyu hutengeneza urea, kama tufanyavyo sisi.

Miili yetu haina uvumilivu huo. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo hufanya kazi bila kukoma ili isitoke hapo. Wanaouza maji ya alkali kwa madai kwamba yanasafisha asidi ya damu wanawadanganya wanunuzi. Maji hayo hukutana kwanza na tumbo lenye pH ya 2 hivi, na hesabu ya vikombe tumeshaiona.

Kosa lililo baya zaidi ni kuiogopa asidi peke yake. Anayechemsha sabuni nyumbani hutumia kostiki soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu. Gramu 40 tu katika lita moja ya maji hufikisha pH 14. Kutoka pH 10 ya Ziwa Magadi hadi hapo ni mara 10,000. Besi kali ikiingia jichoni hugeuza mafuta ya seli kuwa sabuni na kuendelea kupenya ndani, wakati asidi mara nyingi hugandisha protini za juu na kujizuia yenyewe. Usitie ndimu wala siki kuituliza: mbili hizo zikimalizana hutoa joto, na jicho litaungua mara ya pili. Fungua bomba, kope zishikwe wazi, maji safi yatiririke jichoni kwa nusu saa, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali na kulibeba kopo lenyewe ili daktari asome lebo.