Ludo ya Sokoni au Katoni la Sabuni?

Kikundi cha wazazi hapa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, kikitaka kujifunza malezi kwa njia ya mchezo, watu hukimbilia kuuliza bei ya ludo. Ludo ya sokoni, kama imetoka Uvira, imepita Baraka, Fizi na Lulimba, na barabara ya matope inaongeza franka juu yake. Tena huchezwa na watu 4. Wazazi 12 wanahitaji mbao 3, yaani bei mara tatu, na hakuna nafasi hata moja ubaoni inayomtaja mtoto. Bao la mashimo ni bure, unachimba ardhini na kuokota mawe, lakini nalo linafundisha hesabu tu. Mchezo wa simu unakula megabaiti na unaonwa na watu wawili watatu.

Mimi nachagua nyoka na ngazi. Mchezo huu ulitoka India, ambako ngazi zilikuwa wema na nyoka dhambi, kisha ukaanza kuuzwa Uingereza miaka ya 1890. Kufundisha maisha ndiyo kazi yake tangu mwanzo. Pasua katoni la sabuni, chora vyumba 36, sita kwa sita, ili mchezo uishe kabla akina mama hawajarudi kutwanga mawe. Vifuniko vya chupa za bia ya Primus viwe kete. Wazazi 12 wakicheza kwa makundi 4, ubao mmoja unatosha.

Vyumba vyenyewe ndivyo vinavyostahili muda. Chora picha, maana si kila mzazi anasoma. Mtoto wa miezi minane anadondosha kijiko kwa mara ya tatu, mama anamrudishia na kumtajia jina la kijiko: panda. Maziwa ya kwanza ya njano yamemwagwa: shuka. Baba anaongea na kichanga kabla hajakwenda shimoni: panda. Zebaki inachomwa ndani ya chumba anamolala mtoto ili dhahabu ibaki: shuka mpaka chini kabisa, kwa sababu moshi wake unaharibu ubongo unaokua.

Kuna kasoro moja: dadu ndiyo inayoamua nani aanguke. Basi badilisheni sheria. Anayeangukia nyoka aeleze angefanya nini nyumbani kwake. Wenzake wakikubali, abaki pale pale. Hapo ndipo mabishano huanza, na ndani ya mabishano hayo wazazi wanajifunza zaidi kuliko katika hotuba yoyote.

Kwa hiyo pesa msizitumie kununua ubao. Nunueni dadu mbili, kwani moja itapotea, kalamu za rangi, na nailoni ya kufunika katoni. Kinachobaki mpeni reko (mhudumu wa afya ya jamii) wa kituo cha afya kama nauli, aje kusahihisha mabishano yakipotoka. Dadu na vifuniko viwekwe mbali na watoto wa chini ya miaka 3, vinaweza kuwakaba koo. Wao wapewe vikombe na bakuli za jikoni. Mwongozo wa OMS na UNICEF wa 2012 kuhusu malezi ya watoto wadogo nao unategemea vyombo vya nyumbani.

Kuchapisha ubao mjini kunapendeza macho, ila chumba kilichokosewa hakifutiki, na nakala moja moja ni ghali. Chezeni kwanza na katoni, mfute na kuchora upya hadi mridhike, ndipo mwende Baraka kuuliza bei ya nakala nyingi.