Msafiri, Kiko cha Maji na Sheria za Forodha

Safari za kwenda ng'ambo si jambo geni tena kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Ndege huondoka katika viwanja vyetu kwenda Muscat, Dubai na Jeddah zikiwa zimejaa wafanya biashara, mahujaji, wanafunzi na vijana waendao kutafuta kazi. Na warudipo hawapendi kurudi mikono mitupu. Miongoni mwa vitu wanavyofungasha siku hizi ni kiko cha maji pamoja na tumbaku yake, kitu ambacho vijana hukiita shisha. Kwa macho ya mwenye mzigo, hiyo ni zawadi au pambo la barazani. Kwa macho ya afisa wa forodha, hivyo ni vitu vitatu mbalimbali, yaani kiko, tumbaku na makaa, na kila kimoja kina sheria yake. Asiyeifahamu tofauti hiyo aweza kupoteza mali yake, na pengine uhuru wake, kwa sababu ya zawadi.

Yafaa ikumbukwe kwamba kiko cha maji si kigeni katika pwani yetu. Wazee walikitengeneza kwa kifuu cha nazi kilichotiwa maji, wakapachika digali, na juu ya digali wakaweka bori la udongo. Mtu akivuta, malio ya kiko yalisikika hata nje ya nyumba. Jina la nargili, litumiwalo na watu wa Sham, limetokana na jina la nazi katika Kiajemi. Na neno shisha katika lugha hiyo hiyo maana yake ni kioo. Basi kile ambacho kijana hudhani ni uvumbuzi wa mijini ndicho kiko cha babu yake, isipokuwa kifuu kimeondoka na kioo kimeshika mahali pake. Lakini tumbaku ya babu ilitoka shambani ikaingia katika bori bila ya kupita mbele ya mizani ya Serikali. Ya mjukuu huvuka mipaka, na penye mpaka pana sheria.

Na tuanze na kiko chenyewe. Katika orodha ya bidhaa itumiwayo na idara za forodha ulimwenguni, kiko cha maji kimo katika fungu la 9614 pamoja na viko vya namna nyingine. Hicho si tumbaku. Kiko kitupu, kilichooshwa na kukaushwa, katika nchi nyingi huhesabiwa kuwa ni chombo tu, na msafiri hutakiwa kukitaja na kueleza thamani yake akiulizwa. Lakini kiko chenye masazo na harufu huleta maswali, kwa kuwa afisa ana haki ya kutaka kujua ni kitu gani kilichochomwa ndani yake. Aliyekiosha kabla ya safari amejiepusha na udhia mkubwa.

Jambo la pili ni tumbaku, na hapa ndipo wengi hukwama. Tangu mwaka 2012 tumbaku ya kiko cha maji imepewa nambari yake pekee katika orodha hiyo, nayo ni 2403.11. Imeelezwa kuwa ni mchanganyiko wa tumbaku na gliseroli, uwe na sukari au asali ya miwa au usiwe nayo, uwe na ladha ya matunda au usiwe nayo. Msafiri hudhani kwamba kwa kuwa majani ni machache na sehemu kubwa ni utamu na unyevu, basi atahesabiwa majani tu. La, hasha! Mizani hupima mchanganyiko wote.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe msafiri ushuru wa tumbaku isiyozidi gramu 250. Kadiri hiyo ni ya jumla: sigara, biri, tumbaku ya kiko na ugoro, vyote vikiwekwa pamoja. Tena msamaha huo ni wa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18. Baba hawezi kugawanya makopo yake katika mikoba ya watoto wake. Mwenye kopo la kilo 1 amekwisha kufikia mara nne ya kadiri iliyowekwa.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ya uzito. Msamaha wa ushuru si ruhusa ya kuingiza kitu kilichokatazwa. Uganda iliikataza shisha kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2016. Tanzania ilitangaza marufuku mwezi Julai mwaka huo huo wa 2016. Rwanda ilifuata mwezi Desemba 2017. Na siku ya 28 ya mwezi huo Kenya nayo ikapiga marufuku uvutaji wake, uuzaji wake, utangazaji wake na hata uingizaji wake nchini. Ni kweli kwamba mwezi Januari 2024 mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu walioshitakiwa kwa ajili ya shisha, kwa hoja kwamba kanuni hizo hazikufuata utaratibu wa kupelekwa Bungeni; lakini Wizara ya Afya ilishikilia kwamba marufuku ipo. Mtu mwenye busara hafanyi mkoba wake kuwa uwanja wa kujaribia hoja za mawakili.

Huko ng'ambo nako kila nchi ina desturi yake, na wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Uingereza humsamehe msafiri mwenye umri wa miaka 17 au zaidi gramu 250 za tumbaku. Akizidisha, hutozwa ushuru wa tumbaku yote, wala si wa ile ziada peke yake. Australia, tangu mwezi Julai 2017, husamehe gramu 25 tu za tumbaku, na tangu mwezi Julai 2019 mtu hawezi kupelekewa tumbaku huko kwa njia ya posta bila ya kibali. Singapore ilikataza kuingiza na kuuza tumbaku ya shisha tangu mwezi Novemba 2014. Hata nchi za Ghuba, ambako wengi hudhani tumbaku haina mwenyewe, zimeweka kodi ya asilimia 100 juu yake: Saudi Arabia na Falme za Kiarabu mwaka 2017, na Oman mwaka 2019.

Jambo la tatu ni makaa. Wengi huyatia mkobani bila ya kufikiri, kwa kuwa makaa ni makaa tu. Lakini katika kanuni za usafiri wa ndege, makaa yatokanayo na miti na vifuu yamewekwa katika jamii ya vitu viwezavyo kupata moto vyenyewe. Na yale ya vidonge vishikavyo moto upesi yametiwa dawa ya kuusaidia moto. Hayatakiwi katika mkoba wa mkononi wala katika sanduku liendalo tumboni mwa ndege. Hapa hapana hesabu ya ushuru. Pana roho za abiria wote waliomo angani.

Sasa tufike penye kidonda. Si kila mwenye tumbaku mkobani ameinunua yeye. Kijana anayerudi nyumbani hufuatwa na mtu waliyejuana juzi, akaombwa: "Ndugu yangu, nichukulie kifurushi hiki, utapokewa na jamaa yangu." Haya humshika, kwa maana sisi tumelelewa tusimnyime mtu msaada. Lakini forodhani sheria humtazama aliyebeba mzigo na kuukiri kuwa ni wake. Kwa sheria ile ya mwaka 2004, mwenye kutoa maelezo ya uongo mbele ya forodha aweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini hadi dola 10,000. Mtumishi wa nyumbani aliyejinyima miaka miwili ughaibuni atazitoa wapi? Na yule mwenye kifurushi, siku hiyo ataonekana wapi? Kukataa mzigo usioujua si ukosefu wa adabu. Ni kujihifadhi, na ni kuwahifadhi wazazi wanaokungoja.

Wako watakaosema kwamba Serikali hutafuta fedha tu. Ushuru ni fedha kweli, na fedha hizo ndizo dawa zahanatini na madawati shuleni. Lakini sababu haikuishia hapo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2005 kwamba mvutaji wa kiko cha maji, katika kikao kimoja, aweza kuvuta moshi wa kadiri ya sigara 100 au zaidi, na kwamba maji hayauondoi ubaya wa moshi huo. Taifa haliwezi kulaumiwa kwa kukilinda kifua cha kijana wake.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Sheria ya forodha imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa hao wanaopekuliwa hawakisomi. Haifai mwananchi aijue sheria kwa mara ya kwanza siku anaponyang'anywa mali yake. Idara za forodha hazina budi kubandika matangazo ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, viwanjani, bandarini na mipakani, yakieleza kilichosamehewa na kilichokatazwa. Na achukuliwaye kitu apewe maandishi yanayotaja kitu hicho na sababu ya kuchukuliwa. Hivyo mwaminifu atapata ulinzi, na afisa mwenye tamaa atakosa kichaka cha kujifichia.

Nawe msafiri, kabla ya kukata tikiti, uliza ubalozi wa nchi uendako na forodha ya nchi urudiyo. Makaa yaache ulikoyanunua. Palipo na marufuku, usichukue tumbaku hiyo hata gramu moja. Pasipo na marufuku, pima kwa kadiri na uitaje kabla hujaulizwa. Ukishika njia hiyo, utapita forodhani kwa haki, nao waliokuja kukulaki hawatakungoja mlangoni hadi usiku.