Kereng'ende wa Amani: kwa nini yuko hatarini kutoweka?

Ukishuka kwenye kijito chochote hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, hukosi kumwona kereng'ende. Wengi huvumilia jua, madimbwi, hata mifereji ya mashambani, ndiyo maana wameenea. Wapo wasioweza hivyo. Mfano mzuri ni Amanipodagrion gilliesi, kereng'ende mwembamba aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1962. Anajulikana katika eneo dogo tu la vijito vya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Usambara, kama Uluguru, ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki.

Kereng'ende wembamba wana macho yaliyoachana, na mabawa ya mbele na ya nyuma hufanana. Wengi wao hufumba mabawa juu ya mgongo wanapotua, lakini si wote. Basi katika swali la utambuzi usitazame mabawa peke yake. Watahiniwa wengi hunaswa hapo.

Metamofosisi yake si kamili: yai, tunutu, kisha mdudu mpevu, hakuna pupa. Tunutu wa kereng'ende wembamba huishi majini na kwa kawaida huwa na matamvua matatu mkiani. Hapa ndipo penye hatari. Miti ya ukingoni ikikatwa, kijito hupigwa jua. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na udongo unaosombwa na mvua hufunika mawe na majani anamojificha.

Orodha Nyekundu ya IUCN imemweka kundi la walio hatarini mno kutoweka, na mwaka 2012 alitajwa miongoni mwa spishi 100 zilizo hatarini zaidi duniani. Ukiulizwa sababu, usiandike tu "wamebaki wachache". Jibu hilo nalisahihisha kila mwaka! Idadi ni kigezo kimoja. Kingine ni eneo: spishi iliyomo ndani ya kilomita za mraba zisizofika 100 inaweza kuingia kundi hili, ila udogo wa eneo peke yake hautoshi. Lazima masharti mengine mawili yatimie, kwa mfano kupatikana mahali pamoja tu na makazi yake kuendelea kuharibika.

Swali: Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Eleza kwa nini mpaka wa hifadhi peke yake hauwezi kumlinda mdudu huyu. (Alama 4)

Dokezo: anza na tunutu, kisha fuata maji kuelekea yanakotoka.