Kamusi elezo ya mtandaoni: Wanafunzi wasaidiwe wasitoke nje ya mada

Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandika makala ya Kiswahili katika Wikipedia, kamusi elezo huru ya mtandaoni. Washindani walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na mamia ya makala yaliandikwa. Shindano lilipomalizika mwaka 2010, wengi wao hawakuonekana tena.

Zawadi humleta mwandishi mpya, lakini kinachombakiza ni mwongozo. Na jambo la kwanza analohitaji kuongozwa ni kubaki kwenye mada.

Tuchukue mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwanafunzi anaanza vizuri: mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Aya ya pili anahamia faida za utalii. Aya ya tatu anaishauri serikali, na ya nne anawaasa vijana. Hatuwezi kumlaumu, kwani ndivyo alivyofundishwa kuandika insha shuleni. Kamusi elezo, hata hivyo, haishauri wala haisifu. Inaeleza tu.

Mwalimu afanye nini basi? Kwanza, amwambie mwanafunzi aandike sentensi moja inayosema kitu hicho ni nini: Mji Mkongwe ni sehemu ya kale ya Jiji la Zanzibar, kisiwani Unguja. Kila aya ipimwe kwa sentensi hiyo. Habari za kilimo cha karafuu zina makala yake, kiungo kinatosha.

Pili, kila dai liwe na chanzo. Maoni ya mwandishi mwenyewe yatachujwa hapo hapo.

Tatu, rasimu iandikwe kwanza kwenye ukurasa binafsi wa mwanafunzi, ambao kila aliyejiandikisha anaweza kuwa nao. Mwalimu aisome kabla haijawekwa hadharani.

Na ikibidi aya iondolewe, sababu ielezwe kwenye ukurasa wa majadiliano. Wikipedia huhifadhi historia ya mabadiliko, hivyo kwa kawaida kilichoondolewa kinaweza kurejeshwa, au kutumiwa kwenye makala nyingine.

Anayekuta kazi ya usiku kucha imefutwa bila neno lolote huenda asirudi. Kiswahili kina wasemaji mamilioni, lakini wanaojitolea kuandika kamusi elezo yake ni wachache mno. Tusiwafukuze hao wachache kwa kosa ambalo dakika kumi za maelezo zingelirekebisha.