Hitilafu za Filamu za Chama na Njia ya Kutafuta Chanzo Chake

Siku hizi vyama vingi vya msingi vimeanza kutengeneza filamu fupi kwa ajili ya wanachama wake. Mwanachama aliyeshindwa kufika mkutanoni kwa sababu ya ugonjwa au msiba huweza kuona na kusikia yaliyosemwa, na mkulima huweza kuonyeshwa jinsi ya kuchuma kahawa iliyoiva na kuianika juu ya vichanja bila kungojea ziara ya bwana shamba. Kazi hiyo aghalabu hufanywa na karani kwa simu na kompyuta ya ofisi.

Jambo hili ni jema. Hata hivyo, katika ziara zangu za ukaguzi nimeona kwamba hitilafu inapotokea viongozi hukimbilia moja ya mambo mawili: kufuta kila kitu na kuanza upya, ama kumwita fundi wa mjini na kumlipa fedha za wanachama. Makala haya yana nia ya kuonyesha njia ya tatu, ambayo ni kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu uleule tunaoutumia kutafuta kosa katika vitabu vya hesabu.

KOMPYUTA ISIYO NA HATIA

Nilipowasili katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, nilikuta muhtasari wa kikao cha Bodi wenye pendekezo la kununua kompyuta mpya. Sababu iliyotolewa ni kwamba ile iliyopo imechoka. Karani alikuwa amehariri filamu ya dakika 20, na kila alipoiamuru kompyuta itoe filamu iliyokamilika, kazi ilikatika kabla ya kufika mwisho. Alikuwa amejaribu mara nne, na Mkutano Mkuu ulibakiza siku tatu.

Nilimwuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, kazi hukatika mahali pamoja kila mara, au mahali tofauti? Akajibu kuwa kila mara hukatika ikiwa imefika kama theluthi mbili. La pili: filamu hiyo inaandikwa wapi? Akanionyesha flashi ya GB 16, karibu tupu, iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta.

Hapo chanzo kikawa dhahiri. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Ni kama ghala lenye mlango mwembamba: gunia kubwa halipiti, ijapokuwa ndani ni patupu. Karani alikuwa amechagua kiwango cha megabiti 40 kwa kila sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200. Ukizidisha kwa 40 unapata megabiti 48,000. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 6,000, yaani GB 6. Theluthi mbili ya GB 6 ni GB 4. Hesabu ilikubaliana na ushahidi.

Tuliielekeza filamu kwenye diski ya ndani ya kompyuta, tukapunguza kiwango hadi megabiti 10, ambacho chatosha kwa picha ya 1920 kwa 1080. Faili likawa GB 1.5, likanakiliwa katika flashi bila taabu. Pendekezo la kununua kompyuta likaondolewa.

SEHEMU TATU ZA KUCHUNGUZA

Kila filamu hupita hatua tatu: kurekodiwa, kuhaririwa na kutolewa. Kabla ya kubadilisha chochote, hapana budi kujua hitilafu imeingia katika hatua ipi.

1. Malighafi. Fungua faili lililotoka kwenye simu kwa programu ya kuonyeshea video, kwa mfano VLC, nje kabisa ya programu ya kuhariri. Kama hapo pia picha zinakwama au sauti haisikiki, kosa huenda limo katika kurekodi.

Yafaa ikumbukwe kuwa malighafi yaweza kuonekana nzima ikachezwa peke yake, kisha ikaleta matata katika kuhariri. Simu nyingi hazirekodi idadi moja ya picha kwa kila sekunde. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi hupungua. Baadhi ya programu za kuhariri hutarajia idadi isiyobadilika. Matokeo yake ni kwamba msemaji huanza vizuri, lakini kadiri filamu inavyoendelea sauti hutangulia midomo au huchelewa. Dawa yake ni kuyapitisha mafaili katika programu ya HandBrake, inayopatikana bila malipo, na kuchagua idadi ya picha isiyobadilika, kabla ya kuanza kuhariri.

Vilevile simu nyingi mpya hutumia mtindo wa kubana picha uitwao H.265, uliopitishwa mwaka 2013. Kompyuta kuukuu huulemea, na pengine husikika sauti tu huku kioo kikiwa cheusi. Mtindo wa H.264, uliopitishwa mwaka 2003, hupokelewa karibu kila mahali. Chagua huo katika simu kabla ya kurekodi, au geuza mafaili kwa HandBrake.

2. Kuhariri. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba picha zote zimepotea na programu inadai mafaili hayaonekani. Mara nyingi hazikupotea. Kwa kawaida faili la kazi katika programu ya kuhariri halihifadhi picha zenyewe. Huandika tu mahali zilipo na namna zilivyokatwa. Ni mfano wa kitabu cha fedha kinachotaja namba ya hati ya malipo, ilhali hati yenyewe imo kabatini. Ukihamisha hati, kitabu hakina kosa, lakini mkaguzi haoni kitu. Rudisha mafaili mahali pake, au ioneshe programu mahali mapya yalipo.

Pengine picha hurukaruka wakati wa kuhariri. Hiyo pekee si dalili kwamba filamu itakayotolewa itakuwa mbovu. Huenda kompyuta imeshindwa tu kuionyesha papo hapo. Programu zisizolipiwa kama Shotcut na Kdenlive huweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, na wakati wa kutoa filamu zikatumia mafaili ya asili.

3. Kutoa. Rejea lile swali la kwanza. Kazi ikikatika mahali pamoja kila mara, tazama kipande cha picha au maandishi yaliyopo mahali hapo: kiondoe, ujaribu tena. Ukiona kila kipande ni kizima, pima ukubwa wa faili kama tulivyofanya juu. Ikikatika mahali tofauti, fikiria kompyuta yenyewe: diski imejaa, joto limezidi, au imejiwekea usingizi kwa kuwa hakuna anayeigusa. Zuia usingizi huo, chomeka umeme, funga programu nyingine, na kama umeruhusu kadi ya picha isaidie kutoa filamu, iondoe katika kazi hiyo ujaribu tena.

Usitoe filamu nzima kwa majaribio. Toa sekunde 30 za sehemu unayoishuku. Utaokoa saa nyingi.

KANUNI ZA KUFUATA

Kwanza, hifadhi mafaili ya asili katika folda moja, na nakala yake katika diski nyingine, na yasifutwe kwenye simu mpaka filamu ionekane nzima. Ukihitaji kupanga upya flashi kwa mfumo wa exFAT, unaopokea mafaili makubwa, nakili kwanza kila kilichomo, kwa kuwa kazi hiyo hufuta vyote.

Pili, badilisha jambo moja tu kila unapojaribu, na uliandike daftarini. Anayebadilisha mambo matano kwa mkupuo hata akifaulu hajui kilichomfaulisha, na mwezi ujao atahangaika upya.

Tatu, icheze filamu tangu mwanzo hadi mwisho katika chombo kitakachotumika mkutanoni, angalau siku mbili kabla. Ikiwa itasambazwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora.

Ndugu Katibu, fundi ana nafasi yake, na kompyuta huzeeka kweli. Lakini kabla Bodi haijaidhinisha malipo, iulize: kazi hukatika wapi, imejaribiwa na nini, na matokeo yameandikwa wapi? Kama hakuna majibu, uchunguzi haujafanyika, na fedha za wanachama hazina sababu ya kutoka.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika