Utangulizi: Picha Haina Mita

Ramani ya nyumba iliyopigwa picha au kupitishwa kwenye skana, ikiingia katika programu ya usanifu majengo, huwa ni vidoa vya rangi tu. Programu inaviita pikseli na inajua idadi yake. Haijui kama ule mstari mnene ni ukuta wa mita kumi au ni pambo la ukingoni. Sisi ndio wa kuiambia. Kitabu hiki kinafundisha kuiambia bila kuidanganya, na unakaribishwa hata kama hujawahi kuchora ukuta mmoja kwa kompyuta.

Kitendo chenyewe ni chepesi mno. Katika AutoCAD unaita amri ya SCALE, unachagua njia ya Reference, unabofya ncha mbili za urefu unaoujua, kisha unaandika urefu wake halisi. SketchUp ina futikamba yake: pima ncha kwa ncha, andika kipimo, kubali modeli ibadilishwe ukubwa. Basi. Ugumu uko kwingine: ni urefu upi huo, na umeuamini kwa nini?

Wanafunzi wengi hukimbilia mlango, wakiuhesabu kuwa na upana wa sentimita 90. Hebu tupige hesabu. Ramani ya 1:100 ikiskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, kila pikseli inabeba takriban milimita 8.5 za jengo, na mlango huo unakuwa pikseli 106 hivi. Ukiteleza kwa pikseli mbili, na hakuna mkono usioteleza, umekosea karibu asilimia 2. Ukuta wa mita 20 utapotoka kwa sentimita 38 hivi. Mtelezo huohuo kwenye ukuta wa mita 12 unazaa kosa lisilofika sentimita 3 katika mita 20. Kwa hiyo tafuta kipimo kirefu kuliko vyote vilivyoandikwa, na uikuze picha kabla ya kubofya.

Maandishi ya "1:100" pembeni yasikutulize. Ramani ya karatasi ya A3 ikipunguzwa na mashine ya fotokopi hadi A4, maandishi yanabaki yaleyale ilhali skeli imeshakuwa 1:141 hivi. Kijimstari cha vipimo, kile kilichochorwa kwenye ramani na kugawanywa kwa mita, hupungua pamoja na mchoro, ndiyo maana ninakiamini zaidi. Ramani za zamani za futi na inchi zina mtego wao: moja ya nane ya inchi kwa futi moja ni 1:96, karibu mno na 1:100 hata ikapita bila kushtukiwa. Atakayezichanganya ataipa nyumba ya mita 24 mita moja ya bure, na eneo la sakafu litazidi kwa asilimia 8 na nusu, maana kosa la urefu hujizidisha katika eneo. Mkadiriaji majenzi akihesabu vigae kwa ramani hiyo, atakayelipa ni mwenye nyumba.

Kisha pima upande wa pili. Picha ya simu iliyopigwa kimshazari hubana upande mmoja, na karatasi iliyokaa unyevuni haivimbi sawa pande zote. Mlalo ukikubali na wima ukagoma, usikimbilie kuivuta picha. Tafuta skani bora.

Jengo lenyewe nalo hutoa ushahidi, na hapa ndipo somo hili linaponinogea. Dari za nyumba za mawe za Lamu na miji jirani ya mwambao zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi pana. Ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita 2.5 hadi 2.8 hivi, hata viwe virefu namna gani. Ukiipa skeli ramani ya nyumba ya aina hiyo, kisha msana, yaani kile chumba kirefu chembamba, ukatoka na upana wa mita 3.6, usianze kumsifu mwenye nyumba kwa ukwasi wake. Rudi kwenye ncha zako mbili. Pengine ulitegemea chumba kimoja, ukabofya nyuso za ndani za kuta na kuandika kipimo cha nje. Kuta zile za matumbawe zina unene wa nusu mita hivi kila mmoja.

Ukiridhika, ifunge picha katika leya yake isisogee, na uandike kwenye mchoro ni kipimo gani ulikitegemea na kilitoka wapi. Sura ya kwanza itahitaji futikamba, kalamu na jengo lolote utakaloruhusiwa kulipima.