Kwa Nini Tangazo la Kaunti Halionekani Ukilitafuta kwa Simu

Mkaazi wa Ikutha anayetaka fomu ya basari hafungui ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya kaunti na kupitia menyu moja baada ya nyingine. Anachukua simu, anaandika maneno matatu au manne kwenye Google, kisha anasoma majibu yanayoteremka kwenye kioo. Kila jibu lina mstari wenye herufi kubwa kidogo, ambao ni kichwa cha ukurasa, na chini yake mistari miwili hivi ya maelezo. Kwa kusoma hayo tu anaamua afungue lipi. Kichwa kikiwa kimeandikwa “Nyumbani – Pakua – Tangazo 7”, ataliruka jibu hilo, hata kama fomu aliyokuwa akiitafuta imo ndani.

Kuliruka kuna gharama, kwa sababu matangazo ya kaunti yana siku ya mwisho. Zabuni hufungwa saa iliyotajwa, na zikishafunguliwa hakuna wa kumwongezea mtu muda. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inavitengea vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu angalau asilimia 30 ya zabuni za serikali, lakini kikundi kisichojua kwamba zabuni imetangazwa hakina cha kuomba. Taarifa ya Mkakati wa Fedha ya Kaunti nayo lazima ifike katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28 kila mwaka, kwa hivyo muda wa wananchi kutoa maoni huwa umebanwa. Anayeliona tangazo la mkutano huo mwezi wa Machi amechelewa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe habari bila kungoja kuombwa, na usambazaji wake uzingatie gharama, lugha ya eneo na njia inayofaa zaidi mahali hapo. Mkaazi pia anaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa ana siku 21 za kuamua ombi hilo. Siku 21 mara nyingi ni nyingi kuliko muda wa tangazo lenyewe. Ndiyo maana mstari ule mmoja kwenye Google unastahili kuangaliwa na maafisa wa idara zote, si fundi wa tovuti peke yake.

Ikutha ipi, kaunti gani?

Jina Ikutha lina kazi mbili. Kwenye ramani ya uchaguzi, Ikutha ni moja ya wadi 6 za eneo bunge la Kitui Kusini, pamoja na Ikanga/Kyatune, Mutomo, Mutha, Kanziko na Athi. Katika utawala wa serikali ya kitaifa, na katika sensa ya 2019, Ikutha ni kaunti ndogo. Tangazo lenye kichwa “Mkutano wa Ikutha” humwacha mtu wa wadi jirani akijiuliza kama ameitwa au hakuitwa. Neno moja, “Wadi”, linamaliza shaka hiyo.

Kisha kuna suala la mpaka. Barabara inayotoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha huendelea hadi Kibwezi, ambayo iko Kaunti ya Makueni. Aliye Ikutha akitafuta “fomu ya basari”, Google inaweza kumletea ya Kitui, ya Makueni, au ya kaunti nyingine yoyote kati ya 47, kwani karibu zote hutumia maneno yale yale. Juu ya hayo, basari za Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, yaani NG-CDF, hutolewa kwa eneo bunge na hazitoki kwa serikali ya kaunti. Mzazi aliyejaza fomu ya mfuko mmoja na kuipeleka kwa ofisi ya mwingine amepoteza nauli, na pengine nafasi pia. Kichwa kinachosema ni basari ya nani, ya wadi gani na ya mwaka gani kingemwokolea safari hiyo.

Jinsi kichwa kinavyopatikana

Kila ukurasa wa tovuti una kichwa kilichofichwa ndani ya msimbo wake, tofauti na kichwa kikubwa kinachoonekana juu ya makala. Google hukichukua hicho cha ndani kwanza, lakini hailazimiki kukitumia. Agosti 2021 kampuni hiyo ilieleza kwamba imebadilisha utaratibu wake, na mwezi uliofuata ikasema kichwa cha ndani hutumika takribani asilimia 87 ya wakati. Sehemu iliyobaki, Google hutunga chake kutokana na kichwa kinachoonekana kwenye ukurasa, maneno mengine makubwa yaliyomo, au maneno ya viungo vinavyoelekeza hapo.

Hukataa kichwa cha mwandishi kikiwa nusu tupu, kwa mfano jina la tovuti peke yake. Hukikataa pia kikiwa kimerudiwa kwenye kurasa nyingi, au kikiwa kimepitwa na wakati. Hili la mwisho linazipata sana ofisi za umma. Karani anachukua ukurasa wa bajeti ya mwaka uliopita, anabadilisha takwimu na kichwa cha juu, lakini kile cha ndani kinabaki na mwaka wa zamani. Anayetafuta bajeti mpya anaona mwaka wa nyuma na kudhani kaunti haijachapisha kitu.

Hakuna idadi ya herufi ambayo Google imeiweka kuwa kikomo. Mstari hukatwa kulingana na upana wa kioo cha simu au kompyuta. Kwa hivyo la muhimu litangulie. Ipo desturi ya kuanza kila kichwa na “Serikali ya Kaunti ya Kitui”, kisha jina refu la idara, kisha neno “Tangazo”. Ni heshima kwa ofisi, lakini kwenye simu ndogo mstari unakatika kabla jambo lenyewe halijatajwa, na matangazo kumi tofauti yanaonekana kuwa tangazo moja lililorudiwa mara kumi. Jina la kaunti likae mwisho. Mfano wa kichwa kinachofaa ni huu: “Basari ya Wadi ya Ikutha: fomu na siku ya mwisho – Kaunti ya Kitui”.

Maelezo yaliyo chini ya kichwa yana tabia yake. Mwandishi wa ukurasa anaweza kuyaandika kwenye nafasi maalumu ndani ya msimbo, na Google huyatumia ikiona yanaueleza ukurasa vizuri kuliko sentensi zilizomo. Isipoona hivyo, huchota sentensi kutoka kwenye ukurasa wenyewe, kulingana na maneno aliyoandika anayetafuta. Google ilieleza tangu 2009 kwamba maelezo hayo hayapandishi ukurasa kwenye orodha, na kwamba orodha ya maneno muhimu ambayo watu walizoea kuijaza kwenye msimbo haitumiki kupanga majibu. Anayeiuzia ofisi ya umma huduma ya kujaza maneno hayo anauza kitu ambacho Google imekwisha kusema haikiangalii. Faida ya maelezo ni kwa msomaji: yanamwambia nani anahusika, aambatanishe nini, arudishe wapi. Kwa basari, mfano ungekuwa: “Kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo kutoka Wadi ya Ikutha. Pakua fomu, ona stakabadhi zinazohitajika na mahali pa kuirudisha.”

Faili za PDF

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Matangazo mengi ya serikali hutoka kama PDF, kwa sababu barua imekwisha kutiwa sahihi na muhuri. Google husoma PDF, na hata zile zilizopigwa skana huweza kusomwa kwa kutambua herufi kwenye picha, ingawa muhuri uliofunika maandishi na karatasi iliyopinda huharibu usomaji huo. Tatizo ni kichwa. Kwa PDF, Google hutegemea jina lililohifadhiwa ndani ya sifa za faili, pamoja na maneno ya kiungo kinachoelekeza kwenye faili. Ikiwa kiungo kimeandikwa “Bonyeza hapa”, hayo si maneno ya kumsaidia mtu.

Jina la ndani ya faili ndilo linalosahaulika zaidi, maana halionekani ukifungua waraka. Afisa akiandika barua mpya juu ya barua ya zamani, jina la ile ya zamani huweza kubaki ndani. Tangazo la zabuni ya kuchimba kisima linaweza kujitokeza kwenye Google likiwa na jina la ratiba ya mkutano wa miaka mitatu iliyopita. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja: kwenye programu ya kuandikia, fungua sifa za waraka, andika kichwa kipya, kisha ndipo uihifadhi kama PDF. Jina la faili lenyewe pia libadilishwe kutoka “scan0045” hadi maneno yanayosomeka.

Hata hivyo, PDF haina ile nafasi maalumu ya maelezo ambayo ukurasa wa kawaida unayo, na faili kubwa iliyopigwa skana hula bando la mkaazi kabla hajajua kama inamhusu. Njia bora ni kila tangazo liwe na ukurasa wake mfupi: nani anahusika, siku ya mwisho, mahali, na kiungo cha PDF pamoja na ukubwa wake. Barua yenye muhuri ibaki kuwa ushahidi. Ukurasa ndio wa kusomwa.

Maneno ya watu

Katiba, katika Kifungu cha 7, inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inaitaka serikali kuendeleza lugha za wenyeji. Nyaraka zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, lakini mkulima hatafuti kwa maneno hayo. Anaandika “ndengu”, hata kama kitabu cha Kiswahili kinasema pojo na waraka wa idara una neno la Kiingereza. Anaandika “silanga” akitaka habari za mradi wa lambo la maji kijijini. Anaandika “tenda”, si “zabuni”. Maneno hayo yaingie kwenye kichwa, au angalau kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa, kando ya jina rasmi: “Zabuni (tenda) ya kukarabati silanga”. Kurundika majina ya wadi zote kwenye kichwa kimoja hakusaidii. Mtu wa Mutha hufungua, hapati chake, na mara nyingine hafungui tena.

Tovuti kubwa haiandikwi upya kwa mkono

Kitui ina wadi 40. Ikiwa kila wadi itakuwa na ukurasa mmoja wa basari, mmoja wa mkutano wa bajeti na mmoja wa miradi, hizo ni kurasa 120 kwa mwaka mmoja, na 600 kwa miaka mitano, kabla hujahesabu zabuni na nafasi za kazi. Hakuna afisa wa mawasiliano atakayekaa kuandika vichwa 600. Google yenyewe inakubali kwamba kwa tovuti kubwa maelezo yatungwe na mfumo, mradi yasomeke na yatofautiane ukurasa kwa ukurasa.

Maana yake ni kuweka kanuni mara moja. Fomu ambayo afisa huijaza anapopakia tangazo iwe na visanduku vya aina ya tangazo, wadi, mwaka wa fedha, siku ya mwisho na mahali pa kurudisha. Mfumo uviunganishe kuwa kichwa na maelezo. Kisanduku cha wadi kisikubali kuachwa wazi. Afisa wa idara hahitaji kujua lolote kuhusu msimbo, ila ajaze visanduku kwa ukweli.

Kurasa za zamani zichujwe kwa mpangilio. Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, huonyesha kwa miezi 16 iliyopita ni kurasa zipi zilijitokeza kwenye majibu, kwa maneno gani, na zilifunguliwa mara ngapi. Ukurasa uliojitokeza mara nyingi na kufunguliwa mara chache ndio wa kuanza nao, kwani pengine kichwa chake kinawafukuza watu. Zinazofuata ni zile zenye vichwa vilivyorudiwa. Taarifa ya habari ya miaka saba iliyopita inaweza kungoja.

Mabadiliko hayaonekani siku hiyo hiyo. Google lazima ipite tena kwenye ukurasa, na hilo huchukua siku kadhaa au hata wiki. Kwa tangazo la siku 14, kichwa kiwe sahihi siku ya kwanza, maana cha kurekebishwa kinaweza kuonekana muda ukiwa umekwisha. Siku ya mwisho ikipita, ukurasa usifutwe. Neno “IMEFUNGWA” liwekwe mwanzoni mwa kichwa, na anwani ibaki ile ile ili mwaka ujao itumike tena.

Zana hiyo ina upungufu mmoja unaozigusa wadi za mbali. Ili kulinda faragha, Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana. Maswali kutoka Kanziko au Athi yanaweza yasitokee kabisa kwenye ripoti. Anayeyajua ni karani wa ofisi ya msimamizi wa wadi, ambaye huyasikia kila asubuhi dirishani. Maneno hayo, kama yanavyosemwa, ayaandike na kumtumia afisa wa mawasiliano pamoja na tangazo lenyewe.